Sauti Dukani kwa Oswaldi

Wafipa wa Sumbawanga wamechoka kusingiziwa. Ukiwa ndani ya basi la kutoka Mbeya na ukasema kwenu ni Sumbawanga, jirani yako wa kiti anasogea kidogo. Ukicheka peke yako, anahama kabisa. Bertilla alizaliwa mjini hapo, akabatizwa hapo, akamzika mume wake hapo, na hakuwahi hata siku moja kumwona mtu akiruka na ungo. Aliwaambia hivyo wateja wake wa kutoka nje ya mkoa, pini amezibana midomoni, na mteja akizidi kumchokoza alimwongezea: "Ningekuwa na ungo wa kuruka, mwanangu, ningekuwa nakanyaga cherehani hapa?"

Hata hivyo, yai likiachwa njia panda, Bertilla hakulikanyaga. Alilizunguka kwa mbali kama watu wengine wote. Kutoamini ni jambo moja na kukanyaga yai ni jambo lingine kabisa, na anayeona hapo pana ukigeugeu aje aishi Sumbawanga kwanza ndipo acheke.

Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la jengo refu la matofali, mtaa wa nyuma ya soko. Zamani alishona sare za shule na magauni ya komunyo ya kwanza. Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka ya ushirika yakafa moja baada ya jingine, mitumba ikaingia kwa marobota, na watu wakagundua kwamba gauni la mzungu aliyenenepa likipunguzwa linakuwa gauni zuri la mwalimu. Basi Bertilla akawa fundi wa kupunguza. Hakuipenda kazi hiyo. Alisema kukata alichoshona fundi mwenzako ni sawa na kusahihisha sala ya mtu mwingine. Lakini aliifanya, kwa sababu alikuwa na binti wa kumsomesha, Cornelia, mtoto wake wa pekee, na baadaye binti wa kumwoza.

Mlango wa jirani ulikuwa wa duka la kampuni ya umma, lililouza sabuni na viberiti mpaka likakosa hata hivyo viberiti. Lilipofungwa, karani wake, Oswaldi, alipunguzwa kazi, akalipanga yeye mwenyewe. Wenzake waliopunguzwa walifungua mashine za kusaga au wakaingia kwenye biashara ya mahindi. Oswaldi akafungua duka la ndege. Aliuza kasuku wa kijivu waliovushwa ziwa kutoka Zaire, na vikasuku vidogo vya kijani, na njiwa, sungura, kobe, na tumbili mmoja aliyefungwa kiuno kwa waya. Watu walicheka. Kisha wakaja wakubwa wa miradi, makontrakta wa barabara, wafanyabiashara wa Mbeya, na kicheko kikaisha.

Oswaldi hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno, anayewapenda wanyama wake pale mteja alipokuwa amesimama mbele yao. Bertilla alimsikia kila siku akimpamba kasuku kwa mnunuzi: "Huyu, mzee, ukitaka alitaje jina lako, kaa naye. Kasuku hashiki neno la siku moja. Lazima alisikie leo, alisikie kesho, alisikie mpaka wewe mwenyewe uchoke. Hapo ndipo linakuwa lake."

Mteja akiondoka, Oswaldi naye aliondoka. Alikwenda kunywa pombe ya ulezi, au alisimama kijiweni kubishana habari za vyama vipya vya siasa. Matundu yalijaa kinyesi. Sungura walikanyagana. Siku moja Bertilla aliinuka na mkasi wake mkononi, akasimama mlangoni.

"Oswaldi, hawa viumbe wana maji?"

"Wanayo, dada Bertilla. Si hayo unayaona?"

"Nayaona. Yameota ukoka."

Oswaldi alicheka mpaka akashika mbavu, akasema dada Bertilla ana mdomo, na maji hakuyabadilisha. Tangu hapo Bertilla alikuwa akipenyeza kikombe chake mwenyewe kila mlango ulipokuwa wazi, akimwaga ya zamani na kutia mapya, huku akinung'unika kwamba hakuajiriwa kuwa mama wa sungura.

Halafu njiwa wakaibwa. Mtu mwingine angeweka mlinzi, lakini Oswaldi alikuwa mtoto wa Sumbawanga na alijua kinacholinda nyumba kuliko mlinzi. Alitundika juu ya mlango kibuyu kidogo kilichofungwa kitambaa cheusi, na manyoya mawili yamechomekwa shingoni. Hakusema ni nini, wala hakusema si nini. Mji ulimalizia wenyewe. Ilisemekana ni zindiko alilolifuata mbali, na kwamba atakayeligusa mkono utamkauka. Kijana mmoja alilirushia jiwe kwa ubishi, akaugua homa juma lile lile, na hapo shauri likaisha. Watu wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Bertilla akaihamishia cherehani yake mwisho wa baraza, akidai kwamba kule kuna mwanga zaidi.

Kwa hiyo Oswaldi alipata uhuru mkubwa. Aliweza kufunga duka, kwenda Kirando, ziwani, kununua ndege wengine, akakaa huko siku kadhaa, na hakuna aliyethubutu hata kuegemea ukuta wake.

Kirando. Bertilla hakupenda kulisikia jina hilo. Cornelia alikuwa ameolewa huko, kwa kijana anayeitwa Yonas, mwenye mitumbwi na chanja za kukaushia dagaa. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, habari ilikuja na lori la dagaa: Cornelia amefariki na ameshazikwa, joto la ziwani halingoji. Bertilla alifika akakuta tuta la mchanga na msalaba wa miti. Yonas alimwambia akiangalia chini, "Alilala mzima, mama. Asubuhi hakuamka." Wakwe wote wakaitikia kwamba ni kweli, hakuteseka hata kidogo. Bertilla alilishika neno hilo la kutoteseka, akarudi nalo Sumbawanga, maana ndilo alilokuwa amebakiziwa.

Lakini hakuwa ameuona uso wa mwanawe, na Sumbawanga maiti isiyoonekana huzungumzwa sana. Msibani kwake wanawake walimkalia karibu, wakamnong'oneza, "Uliuona mwili, mama Cornelia?" Walikuwa wanawaza msukule. Hilo halihitaji maelezo mengi: mtu analiliwa na kuzikwa, kumbe kilichozikwa ni gogo, na yeye mwenyewe amefichwa mahali pa giza, analishwa pumba na kutumikishwa. Bertilla aliwafukuza kwa ukali. Waliondoka, na neno lao likabaki.

Machi ile mvua ilinyesha kama iliyokuwa na kisasi. Oswaldi alifunga duka akaenda Kirando kama kawaida yake, akisema atarudi keshokutwa. Hakurudi. Madereva walisema barabara imekatika mbele ya Chala na magari yamezama tope mpaka milangoni.

Mwanzoni kelele za ndani zilikuwa nyingi, kama sokoni. Ndege walipiga mayowe, kitu kilitikisa waya, kitu kingine kiligonga ukuta mfululizo. Kisha kelele zikaanza kupungua. Ungefikiri watu wangesema wanyama wanakufa. Wapi! Walisema, mnasikia, sasa ameanza kuwanyamazisha. Mwanga wa mchana uliingia ukungu, baraza likawa na baridi ya kaburini, na harufu ikaanza kutoka chini ya mlango, tamu na nzito. Wachuuzi wa nyanya waliohamia karibu wakahama tena. Na mchana mmoja mwanamke aliyekuwa anapita alipiga ukelele akatupa kapu lake: chini ya mlango, kwenye upenyo, palikuwa pametokea mkono. Mdogo, mweusi, wenye vidole vitano na kucha. Ulipapasa sakafu ya baraza taratibu, ukaokota punje ya mahindi, ukarudi ndani.

Bertilla alijua kwamba dukani kuna tumbili. Alijua, na kujua kwake hakukumsaidia kitu. Nywele zilimsisimka sawasawa na za mwanamke yule.

Jumapili baada ya misa ya pili alikwenda barazani kulifuata gauni alilokuwa ameliacha kwenye droo ya cherehani. Mtaa ulikuwa mtupu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Alikuwa amekwisha kulikunja gauni kwapani aliposikia kikohozi nyuma ya mlango wa Oswaldi. Kikavu, mara mbili. Kisha pumzi ndefu, ya mtu anayejiandaa kusema. Kisha sauti ya mwanamke ikasema kwa Kifipa, polepole, bila kudai:

"Mama, maji."

Ni rahisi kwako uliyeketi mahali pakavu kusema kwamba ni kasuku huyo. Bertilla alikuwa amekaa jirani na kasuku tangu duka lifunguliwe. Sauti zao alizijua: za puani, za mzaha, zenye Kilingala cha mabaharia na miluzi ya walevi. Hii haikuwa na mzaha. Na lile neno "mama", lililovutwa kidogo mwishoni na kushushwa, kuna mtu mmoja tu duniani aliyekuwa akimwita hivyo.

Gauni lilimwanguka. Alipiga magoti, akauweka mdomo wake kwenye upenyo.

"Cornelia?"

Kitu kilijikokota. Kisha kikohozi, na pumzi.

"Mama, maji."

Bertilla aliinuka akakimbia, mama wa makamo na kanga ya kanisani, mpaka kwa mzee Tadei, balozi wa nyumba kumi, aliyekaa nyuma ya jengo lile. Alimkuta anakula.

"Shikamoo, mzee. Mwanangu yuko dukani kwa Oswaldi."

"Marahaba, mama Cornelia." Mzee Tadei aliuacha mkono wake juu ya ugali. "Mwanao yupi?"

"Ninaye mwingine?"

Mzee alikuja, hilo asinyimwe. Alisimama upande wa pili wa barabara, kofia mkononi. Sauti ilikohoa, ikaomba maji. Watu waliokuwa wamemfuata walirudi nyuma kwa pamoja. Mzee Tadei alikitazama kibuyu, akakitazama kitambaa cheusi kinavyochuruzika mvua, akaivaa kofia yake.

"Kile si kitu cha kuchezea," alisema. "Mwenyewe atarudi. Tumngoje mwenye mali yake."

"Akirudi akute amekufa mara ya pili?"

"Mama Cornelia, aliyekufa hafi tena."

"Basi njoo umwambie yeye!"

Hakuna aliyesogea. Bertilla alivuka barabara peke yake, akaketi chini mlangoni. Alisali rozari nzima. Alitaka kunyoosha mkono juu akinyakue kile kibuyu, na kila alipojaribu mkono ulimwishia njiani. Aliogopa, ndiyo ukweli wenyewe. Alimwogopa mwanawe aliyekuwa ndani, na alikiogopa kibuyu, na hakujua anaogopa kipi zaidi. Mwisho alimimina maji ya chupa yake chini ya mlango. Mkono mdogo ulitokea, ukayachota kwa kiganja, kisha vidole vyake vikakutana na vya Bertilla, vikamshika. Vilikuwa vya baridi na vilimshika kwa nguvu. Mkono wa Cornelia haukuwa mdogo hivyo. Lakini nani ajuaye kinachobaki kwa mtu aliyelishwa pumba gizani mwaka mzima? Bertilla hakuuvuta mkono wake. Alikaa hivyo, analia, mpaka mvua ilipomfukuza.

Asubuhi ya pili yake alikuja Kabula. Huyu alikuwa Msukuma, mke wa mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake nje ya mji, na aliwaletea maziwa wateja wa mtaa ule. Kabula na Bertilla walitaniana tangu siku ya kwanza. Kabula hakunywa hata maji kwa Mfipa, maana kwao walimwonya, na Bertilla alikuwa akimwambia ananunua maziwa yake kwa sababu hajui tu Wasukuma wameyatilia nini. Siku hiyo Kabula alitua kibuyu chake cha maziwa, akasikiliza.

"Humo kuna mifugo imefungiwa," alisema. "Inalia kiu. Hata sauti imeshakauka."

"Si mifugo," alisema Bertilla. Hakuwa amelala, macho yamemvimba. "Ni Cornelia."

Akamweleza yote. Kabula alimsikiliza amejishika kifua. Na kana kwamba ilikuwa inangoja kutajwa, sauti ikakohoa nyuma ya ubao, dhaifu kuliko jana, ikasema neno lake. Kabula aliruka hatua nzima nyuma.

"Dada yangu, mimi dawa zenu naziogopa kuliko nyie wenyewe. Nimewaacha watoto nyumbani." Akarudi hatua ile ile mbele. "Lakini awe mtu, awe mnyama, awe mzimu, anaomba maji. Sasa sisi hapa tunangoja nini?"

Bertilla alimtazama. Kisha akaenda kwenye cherehani yake, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akasogeza kigoda mpaka mlangoni, akapanda. Mtaa mzima ulikuwa umesimama upande wa pili. Mtu alipiga kelele, "Mama Cornelia, usithubutu!" Alikata kamba.

Kibuyu kilianguka kwenye sakafu kikapasuka vipande viwili. Watu walipiga ukelele. Kilichomwagika kilitawanyika barazani, chekundu na chepesi, kikaingia katika nyufa za saruji. Kabula aliinama, akakiokota kwa ncha ya kidole, akakitazama.

"Ni ulezi," alisema.

Ulikuwa ulezi mtupu, chakula cha ndege.

Kabula alilipiga komeo kwa jiwe. Mbao zilikuwa zimeoza kwa unyevu, zikaachia. Harufu iliwapiga usoni. Bertilla hakuyatazama matundu. Alipita katikati ya sungura waliolala bila kupumua, akawakanyaga njiwa kwenye majimaji, tumbili akamshika kanga na yeye akaivuta tu, akitembea, akiita, "Cornelia! Cornelia, mama yako nimekuja!" Mwisho wa duka palikuwa na stoo isiyo na dirisha. Humo giza lilikuwa zito. Alipapasa ukuta, akapapasa magunia, akashika kitu kirefu kilichofunikwa gunia kwenye kona, chenye urefu wa mtu aliyechutama. Kilikohoa.

Alilivuta gunia.

Lilikuwa tundu la waya juu ya kreti. Ndani yake alikaa kasuku wa kijivu, kifua kitupu hakina unyoya hata mmoja, ameyang'oa mwenyewe, ngozi inaonekana kama ya kuku aliyenyonyolewa. Mkia tu ndio uliobaki mwekundu. Alimwinamishia Bertilla kichwa, akamtazama kwa jicho moja la manjano. Akakohoa mara mbili kikohozi cha Cornelia. Akavuta pumzi ya Cornelia.

"Mama, maji."

Kabula alisimulia baadaye kwamba hakupata kusikia mtu akilia vile. Bertilla alikaa chini kwenye kinyesi, akalikumbatia tundu, akalia kama siku ile alipopaswa kulia juu ya mwili na mwili haukuwepo. Kabula ndiye aliyempa ndege maji, kwa mfuniko wa kibuyu chake cha maziwa. Ndege alikunywa na kuinua kichwa, akanywa tena, na kila alipomaliza alikohoa kidogo.

Kisha Bertilla aliinuka. Alitoka mpaka mlangoni, uso umejaa uchafu, akawatazama wale watu waliokuwa wamesimama ng'ambo ya barabara.

"Mmeridhika?" aliwauliza. "Hakuna mchawi humu. Kuna kiu. Leteni maji, na mwenye ndoo asiniambie haina mpini!"

Walikwenda mmoja mmoja, shingo upande, wakaja na ndoo na masufuria. Mzee Tadei mwenyewe alibeba debe. Walioweza kunywa walinyweshwa. Waliokufa walizikwa nyuma ya jengo, na shimo lilikuwa kubwa kuliko mtu yeyote alivyotarajia.

Oswaldi alipotokea, tope lilikuwa limemfika kiunoni na matundu mapya yalikuwa mgongoni. Aliwakuta bwana mifugo na balozi mlangoni kwake, na mtaa mzima. Alianza kujitetea: barabara, mvua, magari. Alipoona lile shimo alivua kofia, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka lile aliwatazama wanyama wake bila mteja kuwepo.

Bertilla hakumtukana, ingawa watu walikuwa wamekuja kwa ajili hiyo hasa. Alimsogezea tundu moja tu.

"Huyu ulimtoa wapi?"

"Huyo bubu? Kirando, dada. Sijamsikia akisema kitu, ndiyo maana nikamweka stoo."

"Kwa nani?"

"Kwa jamaa mmoja mwenye chanja za dagaa, Yonas. Alinibembeleza nimchukue, eti anamkosesha usingizi. Alikuwa ametundikwa kwenye dirisha la chumba alichokuwa anaugulia mkewe." Oswaldi hakujua Cornelia aliolewa kwa nani, na alikuwa anasimulia kama mambo ya sokoni, amefurahi kwamba ameulizwa jambo jepesi. "Walisema ugonjwa ule ulitupwa na watu wabaya, atakayeingia utamrukia. Kwa hiyo hawakuwa wanaingia. Chakula walikuwa wanakisukumia mlangoni, wakikumbuka. Ni huyo ndege tu aliyekuwa naye..."

Akauona uso wa Bertilla.

Bertilla hakuuliza Cornelia aliugua kwa muda gani. Jibu Oswaldi alikuwa amekwisha kulitoa, tena mara nyingi, mbele ya wateja. Lazima alisikie leo, alisikie kesho, alisikie mpaka wewe mwenyewe uchoke. Alilala mzima, walimwambia. Hakuteseka. Na mwanawe alikuwa ameomba maji kutwa na kucha mpaka ndege dirishani akajua kuyaomba vile vile, na pale nje ya mlango walikaa watu wenye mikono na miguu, wanaogopa. Bertilla alitaka kuwachukia wote hapo hapo. Ilimshinda kwa sababu moja: alikumbuka jinsi mkono wake mwenyewe ulivyokuwa ukiishia njiani, chini ya kibuyu cha ulezi.

Bwana mifugo alilifunga duka. Tumbili alipelekwa msitu wa Mbizi, akapanda mti wa kwanza bila hata kugeuka. Oswaldi akaingia kwenye mitumba, na nguo zake za kupunguza alizipeleka kwa Bertilla, akizitua barazani kwa adabu na kuondoka upesi. Kasuku alibaki na Bertilla. Alimtengenezea tundu kubwa, akalitundika ndani, karibu na jiko. Manyoya ya kifua yakaanza kuota, laini kama ya kifaranga. Neno jingine hakujifunza. Kila asubuhi alikohoa, akaomba, na Bertilla aliinuka popote alipokuwa, hata kama ni katikati ya rozari, akampa maji.

Julai, kwenye baridi ile inayokata masikio, Yonas alikuja. Alikuwa amevaa koti la kuazima na alifuatana na mjomba wake. Alitaka kuoa, na hakuweza kuoa kabla mama wa marehemu hajamfungulia njia kwa kinywa chake, kama mila inavyotaka. Walikaa barazani nyumbani kwa Bertilla. Bertilla aliwapa viti, akaenda ndani, akarudi na maji kwenye vikombe vya udongo, kama mgeni yeyote anavyopewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

Yonas alizungumza akiangalia chini. Alisema anamshukuru mama kwa malezi ya Cornelia. Alisema Mungu ndiye apangaye. "Kama nilivyokuambia, mama, hakuteseka. Alilala mzima..."

Ndani ya nyumba mtu alikohoa. Kikavu, mara mbili. Yonas aliinua kichwa. Damu yote ilimwondoka usoni, na mjomba akamshika bega akidhani anaanguka.

Pumzi ndefu.

"Mama, maji."

Bertilla aliinuka bila haraka, akaingia ndani. Walisikia maji yakimiminwa. Alipotoka alisimama mbele ya mkwe wake, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Kunywa, baba," alisema. "Kwangu hakuna anayenyimwa maji."

Yonas alikishika kikombe kwa mikono miwili. Maji yalimwagikia magoti yake, na hakuweza kukifikisha mdomoni. Ndani, ndege alikuwa anakunywa.